Amana Juu ya Boriti

Mpangaji wetu wa ghorofa ya juu alikuwa mwalimu wa kigeni, mwanamke kijana aliyekuwa akisomesha chuoni Tunguu. Muda wote aliokaa kwetu tulijua kwamba ana sanduku refu la kioo limefunikwa shuka, na Mama akiamini ndani yake mna maua, kwa sababu mara kwa mara mwalimu alishuka uwani kuosha majani. Siku alipopata habari kwamba baba yake ni mgonjwa na lazima asafiri, aliniita juu, akaliondoa shuka, na nikaona kwamba katikati ya majani yale amelala mjusi.

Sikuwahi kumwona mjusi wa namna ile. Rangi yake ilikuwa ya mdalasini uliokauka. Kichwa chake kilikuwa kipana, cha pembe tatu, na juu ya kila jicho palisimama safu ya miba laini mfano wa kope, ikateremka shingoni mpaka mgongoni. Kope zenyewe, za kufumba na kufumbua, hakuwa nazo. Jicho lake halifungwi, awe macho au amelala. Nilipokuwa nikimtazama alitoa ulimi mpana wa rangi ya waridi, akalipangusa jicho lake lote kwa mara moja, kama fundi anavyofuta kioo cha saa, kisha akatulia. Mimi ni mtu mzima, lakini nilijikuta nimerudi nyuma nimeushika ukuta.

Mwalimu alinieleza kwamba mjusi huyo alizaliwa kizimbani, mikononi mwa watu, wala pori halijui. Wazee wake asili yao ni visiwa vya mbali sana, katika bahari nyingine kabisa, na palikuwa na wakati ambapo hata watu wa elimu walidhani jinsi hiyo imekwisha duniani, mpaka ikaonekana tena. Hakuweza kusafiri naye kwa haraka ile. Aliniomba nimtunze mpaka atakaporudi.

Nilijua kwa nini ananiomba mimi. Kazi yangu ni kutunza stoo ya duka la vifaa vya umeme Mpendae. Shule niliiacha mapema, na ninachokijua nimekipata kwa kusoma peke yangu, polepole, penseli mkononi, na mwalimu alikuwa akiniazima vitabu. Alijua kwamba nikielezwa jambo nitalifuata kama lilivyo. Asilolijua ni shida iliyokuwa chini, kwa Mama.

Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, tumekua tukifundishwa kwamba mjusi kafiri, yule mjusi wa kuta za nyumba, hupigwa anapoonekana. Tulisimuliwa kwamba watu walipomtia motoni Nabii Ibrahimu, wanyama wengine walihangaika kuuzima moto ule, na yeye akakaa anaupuliza. Kumuua kuna thawabu, na anayemuua kwa pigo moja ana zaidi. Mama alikuwa na ufagio wa chelewa nyuma ya mlango wa ukumbi, haufagii kitu, kazi yake ni hiyo tu. Umri umemwendea, lakini mkono wake ulikuwa haujapoteza shabaha.

Nilimwambia mwalimu kwamba hapo uamuzi si wangu. Akashuka mwenyewe, akamkuta Mama anachambua mchele, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Akamweleza habari za baba yake, na Mama akamwombea dua. Kisha akamweleza habari za mjusi. Mama akaendelea kuchambua mchele bila kuinua uso. Alisema kwa upole kwamba mgeni ana ada zake, ila nyumba hii nayo ina zake, na kitu hicho hakiwezi kukaa chini ya dari yake.

"Mama," mwalimu akasema, "naomba nikuachie amana."

Mkono wa Mama ukasimama juu ya sinia.

"Nani kakufundisha neno hilo?"

"Wanafunzi wangu."

Mama akanitazama mimi, kama kwamba nilikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Mtu akishakuwekea amana mbele ya shahidi, na wewe hukukataa palepale, imekwisha kuwa shingoni mwako, na Mama alilijua hilo kuliko sisi wote.

"Haya," akasema. "Amana haichaguliwi sura. Lakini mimi simgusi."

Mwalimu alisafiri, nami nikaanza kazi. Jambo alilonisisitizia kuliko yote ni joto. Watu hudhani kila mjusi anapenda jua. Huyu hapendi. Joto linalotufanya sisi tutafute kivuli linaweza kumuua, na ulikuwa msimu wa kaskazi, ghorofa ya juu chini ya bati haikaliki mchana. Nikachukua kipimajoto, nikakiacha kwa zamu katika kila chumba, asubuhi, adhuhuri na alasiri, mpaka nikapata hakika kwamba mahali pa baridi kuliko pote ni ukumbi wa chini, upande wa ndani, ambako ukuta wa mawe na chokaa una unene wa mkono mzima na jua halifiki kamwe. Sanduku likawekwa hapo. Mama akahamishia msala wake wa kuswalia upande wa pili.

Mengine yalikuwa mepesi. Sanduku lake ni la kusimama, si la kulala, kwa kuwa yeye ni wa kupanda, anataka urefu, matawi na majani ya kujificha. Chakula chake ni unga maalumu wa matunda na madini, unaokorogwa na maji mpaka uwe kama uji mwepesi, ukatiwa katika kifuniko cha chupa na kupachikwa juu, si chini. Mara mojamoja papai lililoiva likapondwa kidogo, au nyenje mdogo asiyezidi upana wa kichwa chake. Kilichobaki asubuhi hutupwa, maana kwetu huku huchacha upesi. Na kila jioni majani hunyunyiziwa maji, kwa kuwa katika bakuli hanywi kwa hiari. Anakunywa matone.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilikuwa nikirudi kazini, nikinyunyizia, nikizima taa kubwa na kukaa kitako mbele ya kioo. Yeye huamka jua likizama. Hutoka majanini mguu mmoja kwa wakati, akautia kiooni, na kioo kikamshika. Kwa upande wangu niliona nyayo zake kutoka chini, kila kidole kimetandazwa kama jani, na kila jani limepangwa mistari midogo. Nilisoma kwamba katika mistari ile mna nywele nyembamba zisizoonekana kwa jicho, na hizo ndizo zinazoshika, bila gundi wala unyevu. Nililisoma sentensi kwa sentensi, kisha nikamtazama akitembea juu ya kioo kilichosimama wima kama mtu anayekwenda zake dukani. Kulijua jambo hilo hakukunipunguzia mshangao hata kidogo.

Siku moja nilikuta anavua ngozi. Alikuwa amepauka mwili mzima kama aliyepakwa chokaa, akaivuta kwa mdomo kutoka vidoleni, kidole kwa kidole, kama mtu anayevua glavu, na kila alichokivua akakila. Nilimwita Mama aje aone. Akanijibu kutoka juu ya msala wake kwamba yeye hana haja ya kuona mtu akibadilisha nguo.

Shoga yake Mama, jirani wa mlango wa pili, alikuwa na haja hiyo. Alikuja na paka wake nyuma, kama kawaida yake, akainama mbele ya kioo, akacheka mpaka ushungi ukamteleza.

"Shoga, ndo umri huu unafuga kafiri? Tena kwa uji?"

"Amana," Mama akasema.

"Amana naijua, ya dhahabu, ya kanga, ya mtoto. Hii utaulizwa mara mbili: kwa nini hukuua, na kwa nini umelisha."

Mama hakucheka. Nilitambua kwamba swali hilo alikuwa amekwisha kujiuliza.

Kumshika mjusi huyo kuna namna yake. Hakamatwi. Unamwekea mkono mbele, anapanda mwenyewe, kisha mkono mwingine mbele ya ule, na mwingine tena. Mwalimu alinitahadharisha kwamba ni mrukaji, na kwamba mkia wake akishtuka huutupa, na ukitupwa hauoti tena maisha. Mijusi wetu mkia ukikatika huota mwingine. Huyu anao mmoja tu. Kwa wiki kadhaa nilimtembeza mikononi jioni, mlango umefungwa na feni imezimwa, bila tatizo lolote. Kisha jioni moja umeme ukakatika, mtaa mzima ukaingia giza ghafla, na katika mshtuko ule, sijui wangu au wake, nikauhisi uzito wake mdogo ukiniondoka kiganjani.

Nilipowasha tochi ya simu nilimwona ukutani. Alikuwa akipanda bila haraka, kama tone linalokwenda juu badala ya chini. Alifika kwenye dari, akapita chini ya boriti ya kwanza na ya pili, akaingia katika ufa kati ya boriti na jiwe. Dari ya ukumbi wetu iko juu sana, boriti zake ni za mikoko za zamani, na baina yake mna nyufa zisizohesabika. Katika nyufa hizo ndimo wanamoishi mijusi wote wa nyumba.

Nilimwambia Mama palepale, na asubuhi nikamwandikia mwalimu. Alijibu kwa adabu, hakunilaumu. Alisema niweke chakula na maji, niombe Mungu. Kati ya mistari niliona kwamba analia.

Jioni ile Mama aliposikia alisimama akauchukua ule ufagio wa chelewa nyuma ya mlango. Nilidhani anataka kuuficha. Akaushika tu, akaitazama dari.

"Sasa mimi nitamjuaje?" akasema. "Usiku wote hawa wamoja."

"Huyu ana kope, Mama. Na kichwa kipana."

"Nnapompiga simwangalii kope."

Kuanzia jioni hiyo hakupiga mjusi hata mmoja. Hakuweza. Kila mjusi aliyetokea ukutani huenda akawa amana, na kwa mkono wake usiokosea, kosa lingekuwa la kudumu. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mama alilazimika kuwatazama. Baada ya Magharibi alikaa juu ya kiti chake, uso umeelekea kuta, na mimi nikirudi kazini alinipa taarifa. Kuna mkubwa juu ya saa, amekatika kidole. Kuna mwembamba wa kidakani, katika shubaka la ukuta, anaionea haya taa. Kuna wawili wanagombana kila jioni mahali pamoja, kwenye waya wa taa, na mdogo ndiye anayeshinda. Kuna mmoja ukimtazama dhidi ya taa unaona mayai tumboni, mawili, meupe. Alilisema hili la mwisho kwa sauti ya chini.

Mimi nilifuata njia yangu. Nilifikiri hivi: mnyama asiyependa joto atashuka, na mnyama anayekunywa matone atatafuta unyevu. Nikapachika vifuniko vya chakula katika vidaka vya ukuta, na kuzunguka kila kimoja nikanyunyiza unga wa ngano mwembamba, ili asubuhi nisome nyayo. Jambo nililolisahau ni sisimizi. Asubuhi ya kwanza unga ulikuwa na barabara zao nyeusi kutoka kila upande, na chakula kimejaa wao. Nikavikalisha vifuniko katika visahani vya maji, kama tunavyokalisha miguu ya kabati la chakula. Sisimizi wakakoma. Nyayo zilizoonekana zilikuwa ndogo, za mijusi wetu, waliokula papai la mgeni kwa raha zao. Jirani alipoona vidaka vyote vina visahani alimuuliza Mama kama ni arusi, na kama kadi zimeshatoka.

Nyayo pana, za vidole kama majani, hazikuonekana. Joto lilikuwa likizidi. Kipimajoto nilichokitundika karibu na dari kilinionyesha kwamba huko juu adhuhuri si mahali pa kiumbe yule, na kila siku iliyopita nilimhesabu kuwa amepungukiwa na siku nyingine ya uhai.

Kisha asubuhi moja, nikifagia chini ya ngazi, nikaona mkia.

Niliuokota kwa karatasi nikaupeleka mlangoni penye mwanga. Mkia wa mjusi kafiri ni mwembamba unaochongoka. Huu ulikuwa mnene, wa rangi ya mdalasini, na nchani ulikuwa bapa, una kibandiko kidogo cha kushikia, kama vile vya vidoleni. Hapakuwa na shaka. Niligeuka nikamkuta Mama amesimama nyuma yangu.

"Si mimi," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Najua, Mama."

"Mimi nimekaa pale mpaka Isha. Sikunyanyua mkono."

Nilimwambia tena kwamba najua. Aliutazama mkia ule muda mrefu, kisha akavaa buibui lake akatoka, nami nikamfuata mpaka kizingitini. Aligonga mlango wa pili. Aliposikia karibu hakuingia.

"Paka wako mfungie ndani."

"Kafanya nini?"

"Mfungie tu, shoga. Mpaka nikwambie."

Jirani alitoka na utani mdomoni, akisema kwamba leo kesi ya paka na mjusi imefika kwa kadhi. Akauona uso wa Mama, akaumeza utani wake. Alimwita paka, akafunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mkia peke yake haukunieleza kama mwenyewe ameponyoka au ameliwa. Nilisoma kwamba wapo wanaoishi miaka mingi bila mkia, na nilimsomea Mama, ila yeye hakutaka kitabu. Alitaka kujua atakachosema siku mwalimu atakapoingia mlangoni. Nilimsikia akiuliza hilo katika dua, si kwa maneno ya Kiarabu bali kwa yetu: kwamba yeye kiumbe hiki hakukitaka, wala hakukipenda, lakini kimewekwa kwake, basi asimfedheheshe.

Mtungi wa maji wa Mama hukaa chini ya ngazi, juu ya kigoda, mahali penye giza. Tuna friji, lakini yeye hunywa maji ya mtungi na kutawadhia hayohayo. Mtungi mzuri hutoka jasho: maji hupenya udongo polepole, yakajikusanya nje kwa matone, na upepo ukiyapata, yaliyo ndani hupoa. Mimi nilikuwa nimepima joto la vyumba vyote, lakini kutia kipimajoto chini ya ngazi halikunijia, kwa kuwa si chumba.

Ilikuwa karibu na Magharibi, nami nilikuwa nikibadilisha maji ya visahani, niliposikia naitwa. Hakuita kwa nguvu.

"Naam."

"Njoo. Polepole. Vua viatu."

Nikaenda peku. Mama alikuwa amesimama mbele ya mtungi, kata imejaa maji mkononi, mkono umesimama hewani. Alikuwa amekwisha kuchota alipomwona, na tangu hapo hakuwa ameteremsha mkono wala kumwaga tone. Ubavuni mwa mtungi, kichwa chini, alikuwepo mjusi wetu. Mahali pa mkia palikuwa na kigutu kifupi kilichofunga vizuri, kama kitufe. Alikuwa akiramba. Ulimi ulitoka, ukachukua tone, ukarudi, ukatoka tena. Tone moja lilimwangukia jichoni, akalipangusa kwa ulimi uleule, akaendelea.

Adhana ya Magharibi ikaanza msikiti wa nyuma yetu, sauti ikaingia kwa dirisha la ngazi, na yeye hakushtuka. Nilikuwa nikimwona kila jioni kwa majuma, nyuma ya kioo, nikidhani namtazama. Pale, bila kioo, juu ya udongo ule uliolowa, nilimwona kama kwa mara ya kwanza.

"Anakunywa maji yangu ya udhu," Mama akanong'ona.

Niliweka mkono mmoja mbele yake na mwingine nyuma, bila kumgusa, nikasubiri. Akaupima mkono wangu kwa ulimi, akapanda. Nilikuwa nikigeuka kuelekea sandukuni nilipomsikia Mama.

"Nipe."

Alikuwa ameshaiweka kata chini. Alinyosha kiganja chake, chenye hina iliyofifia nchani mwa vidole. Nikakisogezea changu. Mjusi akatazama huku na huku kwa macho yale yasiyofungwa, akanyanyua mguu, akauweka juu ya mkono wa Mama, kisha wa pili, kisha akahamia wote. Mama akavuta pumzi ndani akaizuia. Aliviangalia vidole vile kimoja kimoja, vikitandazwa na kukunjwa juu ya ngozi yake.

"Subhanallah," akasema. "Baridi kama maji."

Baadaye kidogo akauliza, "Na mkia, hauoti tena?"

"Hauoti, Mama."

"Tutamwambia hivyohivyo."

Akanirudishia, akatawadha upya ingawa hapana kilichomlazimisha, akaenda kuswali. Hukumu ya mijusi wengine hakuizungumza, nami sikumuuliza.

Baada ya Isha aliniambia niwashe simu, azungumze yeye mwenyewe. Nikamshikia karibu na mdomo, nikarekodi.

"Mwanangu, amana yako ipo hai. Haikutimia, imepungua mkia, na mkia hatuwezi kukulipa. Anakula. Baba yako anaendeleaje? Ukija, njoo kwanza huku chini."

Kisha akaniuliza kama sauti imekwenda, nikamwambia imekwenda. Akabaki amekaa, hataki kulala mpaka jibu lije. Lilikuja upesi. Mwalimu alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, hata maneno mengine hayakusikika. Alisema kwamba baba yake amepata nafuu, na kwamba kule visiwani alikotoka mjusi yule, wengi wanaokua mpaka kuwa watu wazima huwa wameshaipoteza mikia yao. Mama aliniambia nimrudishie kipande hicho asikie tena. Akakisikiliza, akatikisa kichwa.

"Basi sasa ndo kafanana na wenziwe," akasema, akaniagiza nikaangalie kama sanduku limefungwa.